Mikono Yangu Baridi na Mafuta Yaliyokwisha

Wasomaji, mniwie radhi kwa mwandiko huu na kwa maneno nitakayokosea herufi. Niliishia darasa la saba, na naandika polepole. Lakini kosa si la shule peke yake. Mkono wangu hupoa nikijua kuna mtu atasoma ninachoandika, na ukishapoa vidole vinakuwa vigumu, herufi zinalala kama mahindi yaliyopitiwa na ng'ombe. Sasa hivi ni saa sita mchana. Jua limewaka Mugeta nzima, kuku wamejificha chini ya ghala, na mkono wangu ni baridi. Habari ninayotaka kueleza ni hiyo.

Shuleni mwalimu akiniita ubaoni, kucha zangu zilipoteza rangi zikawa kama za mtu aliyefua nguo tangu asubuhi. Chaki iliniponyoka. Jibu nililijua, lakini nililijua nikiwa nimekaa. Katika ripoti ya mwisho mwalimu aliandika kwamba nina akili ila sina sauti. Mama aliisikia ikisomwa akasema nusu yake ni nzuri.

Kisha tukahamia kijiji cha ujamaa. Kule tulikokuwa zamani mtu aliweza kumaliza siku bila kusalimiana na yeyote ila ng'ombe. Kijijini nyumba zilipangwa kwa mistari, na mpaka nifike bombani na ndoo nilikuwa nimeshasalimia nyumba kumi na moja. Watu walisema maisha ya pamoja yatatuondolea mengi, na kweli yaliniondolea kilo kadhaa.

Lakini kijiji kilileta pia kisomo cha watu wazima, na kisomo kilimleta msichana wa Butiama. Alikuwa amekuja kukaa kwa shangazi yake, na kwa kuwa alimaliza darasa la saba akapewa kufundisha akina mama herufi jioni, mama yangu akiwa mmoja wao. Mimi nilimbebea mama kigoda. Siku moja mwalimu huyo aliniomba niandike silabi ubaoni wakati yeye anawashika mikono wale ambao hawajawahi kushika kalamu. Nilipomrudishia chaki alivigusa vidole vyangu.

"Umetoka mtoni?" aliniuliza.

"Ndiyo," nikasema.

"Mto umekauka."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya kwanza. Yaliyofuata hayakuwa marefu zaidi, lakini yalikuwa mengi, na baada ya mavuno mawili yeye ndiye aliyesema, huku anafuta ubao, "Kama una neno, mtume mtu kwa baba yangu. Tukikusubiri wewe mwenyewe tutazeeka."

Nikamtuma mjomba, kaka yake mama, ambaye anaongea kwa watu wawili na nusu. Mjomba alikwenda Butiama akarudi na habari njema: baba wa msichana hana neno na sisi. Alitaka tu nifike mwenyewe, kwa sababu katika ukoo wao kuna desturi. Mkwe mtarajiwa hukaa karibu na bibi wa msichana, na bibi huushika mkono wake wa kulia kwa mikono yake miwili muda wote wa kusalimiana. Akimaliza anasema anachokijua. Mjomba aliniambia hayo tukiwa tumeshafika njia panda, ili nisipate nafasi ya kurudi.

Bibi alikuwa mwembamba, amekaa kwenye mkeka ukumbini, macho yake mazima kabisa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Lete mkono."

Nikampa. Akauliza ng'ombe wetu, akauliza mvua, akauliza pamba imefunguka au bado, akamuuliza mama, akauliza waliofariki mmoja mmoja. Kadiri alivyouliza ndivyo mkono ulivyopoa. Nilihisi damu ikirudi nyuma kutoka kwenye vidole, ikapita kiganja, ikapita kiwiko. Sijui ilikuwa inakwenda wapi. Mwishoni aliunyanyua mkono wangu akauweka juu ya goti langu, kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani.

"Huyu hana damu," akamwambia mwanawe, baba wa msichana, kana kwamba mimi nilikuwa nimeshaondoka.

"Bibi, ni ubaridi wa asubuhi," mjomba akasema.

"Ni saa nane mchana." Akaniminya juu ya kiwiko. "Wala mafuta hana. Huyu anakulaga wapi?"

"Anakulaga nyumbani," mjomba akasema. "Anakulaga sana."

"Basi yanakwenda wapi?"

Mjomba akaniangalia tumbo, kana kwamba naye angependa kujua.

Baba wa msichana hakutufukuza. Alitutoa nje akatueleza taratibu. Binti yake mkubwa aliolewa na kijana mwenye mikono kama yangu. Bibi aliushika mkono ule, akahisi ubaridi, akanyamaza kwa kuwa vijana walikuwa wanapendana. Yule kijana alikufa kabla ya palizi, na binti akarudi nyumbani na mtoto mgongoni. Tangu hapo bibi hanyamazi tena.

"Mimi simpingi mama yangu kwa jambo hili," akasema. "Katafuteni damu, mrudi. Lakini msichelewe. Kuna watu wa Buhare nao wameuliza, mtu wao anafanya kazi Musoma, na ni mnene. Nitawasubiri ninyi mpaka pamba iuzwe. Ikishauzwa, nitawaita wao."

Msichana alikuwa mlangoni mwa jiko. Alikuwa anapepeta mtama ambao ulikuwa umeshapepetwa.

Mjomba ni mtu wa vitendo. Wiki hiyo hiyo alinipeleka Musoma nikapimwe damu, tukafikia kwa ndugu yetu anayekaa mtaa wa Makoko. Hospitalini mpimaji alinichoma kidole cha kati. Haikutoka damu. Akakiminya. Haikutoka. Akachoma cha pili, akaitazama sindano upande wa jua, akanitazama mimi.

"Basi ni kweli," mjomba akasema polepole.

Mpimaji akaniambia nitoke nje nisimame juani, niuzungushe mkono kama anayefukuza ndege shambani. Nikauzungusha mbele ya foleni nzima ya akina mama na watoto. Mtoto mmoja akaanza kuniiga. Niliporudi, tone likatoka, likafuatwa na mengine ambayo ilibidi yafutwe mezani. Jibu likaja kwamba damu ninayo ya kutosha, safi, wala sina upungufu wowote. Mjomba akaomba iandikwe kwenye karatasi na kugongwa mhuri. Akaipeleka Butiama mwenyewe.

Bibi alisomewa karatasi akairudisha. "Mhuri haumshiki mtu mkono," alisema.

Ikabaki kunenepa. Mama akalibeba suala hilo yeye mwenyewe. Asubuhi uji wa ulezi wenye samli, mchana ugali na sato mkavu kutoka ziwani, jioni ugali tena na maziwa mgando, na kabla ya kulala kikombe cha maziwa ambacho alisimama kukitazama kinavyokwisha. Wakati huo huo tulikuwa tunamnenepesha fahali aliyechaguliwa kuongoza ng'ombe wa mahari. Kwa kuogopa wezi tulimfunga karibu na mashine ya kusaga ya kijiji, kwa sababu pale watu hawakosekani mchana kutwa. Akakatiwa majani, akapewa pumba na mashudu ya pamba.

Kila Jumamosi nilikwenda kwenye banda la kununulia pamba. Karani, ambaye tulisoma pamoja, aliniweka ndani ya gunia akanitundika kwenye kulabu ya mizani. Wiki ya nne alisoma, akagonga mizani kwa kidole, akasoma tena.

"Umepungua."

"Haiwezekani."

"Pamba ikipungua hivi," akasema, "tunasemaga imeibiwa."

Na fahali naye alikuwa anapungua. Nundu yake ililegea ikalala upande mmoja. Mama alituangalia sote wawili tukila, akapiga hesabu yake, akasema ni minyoo. Akanunua dawa. Sikupenda kuuliza iliyokuwa yangu ni ipi na ya fahali ni ipi. Tulikunywa wote, tukaendelea kukonda.

Ndipo mama akaanza kuwatazama majirani vibaya, hasa mmoja aliyewahi kusema mwaka jana kwamba fahali wetu ni mzuri. Nikaona kabla jambo halijawa baya, heri niende zahanati.

Mganga wetu wa zahanati alikuwa kijana mgeni, ametoka chuoni si muda, na bado alikuwa na daftari lake la masomo, limefunikwa kwa gazeti. Alinipima kifua, akapima haja kubwa, akapima mkojo, akanisikiliza moyo.

"Huna minyoo, huna kifua kikuu, huna kisukari," akasema. "Unakula?"

"Sana."

"Wakati unakula unafikiria nini?"

"Bibi mmoja wa Butiama."

Hakucheka. Nilimpenda kwa hilo. Alifunua daftari, akatafuta ukurasa, akaweka kidole.

"Ndugu, yowe likilia hapa kijijini, kwamba ng'ombe wameibiwa, unafanya nini?"

"Nakimbia kunakolia."

"Na kabla hujanyanyua mguu, mwili wako unafanya nini?"

Sikuwahi kuuliza. Akanieleza, na nitajaribu kuandika kama alivyosema. Mtu ana mishipa ya damu, ambayo kila mtu anaijua, na ana mishipa ya fahamu, ambayo ni myembamba kama uzi, inayotoka kichwani na ndani ya uti wa mgongo kwenda kila mahali. Mingine ya hiyo mishipa ya fahamu kazi yake ni yowe. Haikuombi ruhusa. Kukiwa na hatari inakwenda kwenye mishipa midogo ya damu iliyo kwenye ngozi, hasa ya vidole, na kuibana. Damu inatoka mikononi inapelekwa kwenye mapaja na moyo, ambako kuna kazi ya kukimbia. Kwa hiyo vidole vinapoa, kucha zinafifia, na ukichomwa hutoki damu upesi.

"Ni mpango mzuri," akasema. "Mwizi akikukata mkono, hupotezi damu nyingi."

"Bibi hana panga," nikasema.

"Mishipa haijui hilo."

Akageuza ukurasa. Mishipa ile ile, akasema, inakwenda pia kwenye mafuta ya mwili, yale yaliyo chini ya ngozi na tumboni. Mafuta ni kama ghala la kijiji. Siku za kawaida ghala limefungwa, na chakula kinachozidi kinawekwa humo. Yowe likilia, mishipa ya fahamu inafika kwenye ghala na kusema fungueni, watu wanakimbia, watahitaji kula. Mafuta yanavunjwa vipande vidogo vidogo, yanaingia kwenye damu, yanakuwa kuni za miguu. Ukikimbia yanaungua. Usipokimbia, mengine yanarudi ghalani. Lakini mtu ambaye yowe linalia ndani yake asubuhi, mchana na jioni, ghala lake halifungwi, moyo wake haupumziki, na hata tumbo halitulii likashughulikia chakula.

"Kwa hiyo mwili wangu unapiga yowe."

"Kila siku."

"Na wezi?"

"Hawapo."

Kisha akaongeza, kwa uaminifu, kwamba wapo watu ambao wakiwa na wasiwasi hunenepa, na daftari halikusema vizuri kwa nini. Nikamuuliza mtu afanyeje ili yowe linyamaze. Alifunua kurasa mpaka mwisho. Akasema somo hilo waliahidiwa muhula uliofuata, lakini mwalimu alihamishwa.

Nilirudi nyumbani kwa njia ya mashine ya kusaga. Mashine ilikuwa imezimwa, na fahali alikuwa anacheua. Fundi akaja akazungusha mkono wa kuwashia, mashine ikaanza kubweka. Fahali akaacha kucheua. Masikio yakasimama, ngozi ya ubavuni ikatetemeka kama anayefukuza nzi, lakini nzi hawakuwepo. Nikasimama pale mpaka magunia mawili ya mahindi yakaisha kusagwa, na muda wote huo hakucheua hata mara moja.

Jioni hiyo nilimhamishia kwenye zizi la ndugu yetu pembezoni mwa kijiji, karibu na ule mto uliokauka. Chakula kilikuwa kile kile. Mwezi haukuisha nundu yake ikajaa na kusimama. Mama alifurahi, akasema dawa ya minyoo imemkubali mmoja wetu.

Mimi sikuwa na mahali pa kujihamishia. Nikafanya kosa ambalo nadhani lazima nilieleze. Siku ya safari ya pili ya Butiama nilichoma kiazi kitamu kwenye nyumba moja karibu na njia panda, nikakifunga kwenye kitambaa, nikakitia mfuko wa kulia wa koti nililoazima kwa mjomba, na nikatembea njia yote nimekishika. Paja liliungua kidogo, lakini mkono ulikuwa wa moto kweli kweli. Nikaingia, nikasalimia, nikautoa mkono mbele kabla sijaulizwa.

Bibi akaushika. Akashtuka.

"Lete na huo mwingine," akasema.

Sikuwa nimefikiria mkono wa kushoto. Nikampa. Akaishika yote miwili, mmoja kushoto kwake, mmoja kulia kwake, akaipima kama mtu anayepima nyanya sokoni.

"Ana homa," akamwambia mwanawe. "Lakini ni ya upande mmoja."

Niliagiziwa mwarobaini. Ulichemshwa mbele yangu, nikanywa bakuli zima, kwa sababu nikikataa ingebidi nieleze. Niliponyanyuka kiazi kikadondoka. Mjomba akakitazama kama kitu asichokijua. Msichana akainama akakiokota, akaenda nacho jikoni, na baadaye nilimwona anakila. Katika siku ile yote, hiyo ndiyo habari njema niliyorudi nayo.

Msichana alitusindikiza mpaka njiani. Mjomba akatangulia, akijifanya anaangalia pamba za watu.

"Usilete kiazi tena," akasema.

Nikamweleza yote ya mganga, yowe na ghala na kuni za miguu. Ilikuwa ndiyo hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa, na niliitoa nikitazama kisigino cha mjomba.

"Kwa hiyo unamwogopa bibi yangu kama mwizi wa ng'ombe?"

"Zaidi. Mwizi huwa anaondoka."

Alicheka mpaka mjomba akageuka. Kisha akaacha kucheka. "Pamba ya baba imebaki kubebwa tu," akasema. "Watu wa Buhare wanaitwa wiki ijayo. Njoo kabla yao, na uje na mkono wako ule ule."

Tukaenda siku tano baadaye. Nilikuwa mwembamba kuliko safari zote, na sikuwa na kitu mfukoni. Ilikuwa mchana. Familia ya msichana nayo ilikuwa imehamishwa mwaka huo kutoka nyuma ya kilima, na nyumba yao ilikuwa mpya, udongo wa ukutani bado una rangi mbili. Bibi alikuwa kwenye mkeka wake. Nikakaa. Akauchukua mkono wangu, ambao ulikuwa baridi kama siku ya kwanza, akaanza salamu zake: ng'ombe, mvua, pamba, mama. Alipofika kwa waliofariki alisita. Nilijua sasa atasema, na nilijua atasema nini. Msichana naye alijua, maana jikoni kelele za vyombo zilikoma.

Yowe likalia.

Lilitoka upande wa malishoni, likapokelewa na nyumba ya jirani, likapita juu yetu. Lilisema ng'ombe wa nyumba hii hawaonekani. Baba wa msichana aliingia ndani akatoka na upinde. Mjomba akatafuta kiatu. Mimi niliutoa mkono wangu katika mikono ya bibi bila kuomba radhi, na niliposhtuka nilikuwa nimeshapita choo na shamba la mihogo.

Sijisifu. Nasema tu kwamba kwa miaka yote ile mwili wangu ulikuwa umejiandaa kukimbia na hakuna aliyewahi kuuambia uende. Damu ilikuwa kwenye mapaja, kuni zilikuwa zimeshakatwa. Niliwapita watu ambao walianza mbele yangu. Nilipofika malishoni nikaona nyayo za ng'ombe zinaelekea kilimani, na hapo nikapunguza mwendo, kwa sababu nimechunga tangu mdogo. Ng'ombe anayeswagwa mbio hudondosha kinyesi akiwa anakwenda, kinatapakaa njiani. Hiki kilikuwa kimekaa pamoja, fungu moja moja. Nyayo zilikuwa karibu karibu. Na hapakuwa na unyayo wa mtu. Ilibidi nipige kelele kuwaambia walio nyuma, lakini sikuweza, walikuwa wengi mno. Nikaendelea peke yangu.

Nyuma ya kilima kulikuwa na mahame yao. Paa la nyumba lilikuwa limeondolewa, kuta zimeanza kumomonyoka, na ua wa zizi ulikuwa umeshabebwa kuni, umebaki mstari wa miiba ardhini. Ng'ombe wote walikuwa pale. Walikuwa wamejipanga mahali palipokuwa na lango, mzee wao mbele, ndama nyuma, na walikuwa wanasubiri kufunguliwa. Kushoto na kulia palikuwa wazi. Hakuna aliyepita.

Nikakaa juu ya jiwe.

Baba wa msichana alifika wa kwanza, upinde mkononi, pumzi zinamshinda. Aliwatazama ng'ombe wake. Alisimama muda mrefu. Kisha akaweka upinde chini, akaenda pale langoni, akanyanyua mikono, akavuta miti ambayo haikuwepo, mmoja baada ya mwingine, akaiegemeza pembeni. Ng'ombe wakaingia.

Wengine walipofika wakatukuta tumekaa kwenye jiwe. Mjomba alikuwa na kiatu kimoja.

"Wezi wako wapi?" akauliza.

"Hawapo," nikasema.

Tuliwaacha ng'ombe wapumzike mle kidogo, tukawarudisha kijijini taratibu.

Bibi alikuwa pale pale tulipomwacha. Msichana amekaa karibu naye, na dada yake mkubwa, yule mjane, amesimama na mtoto mgongoni. Baba akamweleza mama yake kwamba ng'ombe wamepatikana, wamekwenda nyumbani wenyewe. Kwa kuwa salamu zetu hazikuwa zimeisha, nilirudi mahali pangu nikampa mkono wangu. Nilikuwa natoka jasho.

Mikono iliyoushika ilikuwa baridi. Nilidhani nimekosea. Nikatazama kucha zake, zilikuwa zimefifia kama zangu siku za ubaoni. Yeye hakukimbia. Yowe lilimkuta amekaa, na hakuwa na pa kulipeleka.

"Bibi," nikasema, "mikono yako ni baridi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia neno ambalo hakuniuliza.

"Najua," akasema. "Siku hizi iko hivyo." Alitazama upande alikosimama yule mjane, kisha akaangalia mkono wangu. "Mimi nilikuwaga mnene. Waulize hawa."

"Alikuwa mnene," baba wa msichana akasema. "Mlango ule wa kwetu wa zamani nilimpanulia yeye."

Bibi hakuuachia mkono wangu. Aliulizwa kama achemshiwe chai, akasema ndiyo, lakini hakuuachia. Tulikaa hivyo mpaka chai ikaja, na mpaka ikapoa, na mikono yake ikaanza kupata moto kutoka kwangu, polepole, kuanzia viganjani. Ndipo akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza chumvi:

"Damu anayo. Mafuta atayapata akishazoea. Hao wa Buhare waambieni wasijisumbue."

Siku iliyofuata baba wa msichana alikuja Mugeta kumwona fahali. Alimzunguka mara mbili, akaipapasa nundu, akauliza tulimlisha nini. Mama akamtajia dawa ya minyoo.

Sasa ndoa imepangwa kanisani, Mugeta, baada ya mvua. Mimi na mwenzangu hatuna tena hofu ya kukataliwa. Iliyobaki ni moja. Siku hiyo nitasimama mbele ya kijiji changu na kijiji chake, nitaulizwa swali, na lazima nijibu kwa sauti inayofika mlangoni, kisha nivishe pete kwa vidole hivi hivi. Sitaweza kukimbia kwanza nikarudi. Nimemuuliza mganga, ameandika chuoni kwao kuomba somo lile lililobaki, bado hajajibiwa.

Kwa hiyo, msomaji, kama una mikono ya namna hii na uliwahi kusimama mbele ya watu mkono ukabaki na damu yake, niandikie unieleze ulifanyaje. Mhariri anajua nilipo. Barua zikifika, karani wa kijiji hutoka nje na kuita jina la mtu mbele ya wote wanaosubiri, na mtu hulazimika kujitokeza kuichukua. Mkono wangu utapoa. Nitakwenda kuichukua.